Aliyewafungulia Mlango

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akaweka njia juu yake, akatupa miguu ya kuzifuata na subira ya kungoja zinapozibwa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, na wote waliomfuata kwa wema. Namshukuru Mola kwamba nilitoka Mafubira, hapa Jinja, nikiwa mzima na nimerudi Mafubira nikiwa mzima, magoti yakilalamika vilevile kama yalivyokuwa yakilalamika kabla.

Ndugu zangu wa msikitini, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake: Hajji, ilikuwaje kule Mbale na mke wa marehemu? Nimechoka kueleza vipande vipande wakati tunavaa viatu. Mmoja amesikia mwanzo tu, mwingine amesikia mambo ya fuvu tu, na huyo ndiye anayesimulia kuliko wote. Basi nimekaa nikaandika, mpate kusoma yote kwa mpango wake.

Mnamkumbuka mwanangu Ismaili. Alikwenda Amerika akiwa kijana, akapata kazi ya kupaka nyumba rangi, akaoa huko mwanamke wa Meksiko aitwaye Rosario. Jioni moja maafisa wa uhamiaji walimchukua nyumbani kwake. Wakamfungia kwa miezi, kisha wakamrudisha Uganda kwa ndege na nguo alizovaa. Hakutaka kukaa Jinja, alisema maswali ni mengi. Akaenda Mbale kwa shangazi yake Zainabu, dada yangu, akamsaidia katika duka la vitambaa. Figo zikamshinda. Tulimzika hukohuko. Rosario hakufika mazishini, kwa sababu siku zile angetoka Amerika asingeweza kurudi. Sasa amehama kwa hiari yake, yuko kwao Meksiko na mama yake, na mwaka huu aliomba aje kumzuru mumewe.

Lakini kuna jambo ambalo sikumwambia mtu. Alipokuwa amefungiwa, Ismaili aliruhusiwa kunipigia simu. Aliniambia, "Baba, hawakuvunja. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani." Nikamuuliza, na nani? Akaniuliza kama mvua imeanza Jinja. Yeye mwenyewe alikuwa amenieleza zamani kwamba huko watu wasio na karatasi hufundishana jambo moja kabla ya yote: afisa asiye na hati ya hakimu haingii mpaka umfungulie, kwa hiyo usifungue. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, mwanangu na mkewe. Mwanangu hangeweza kuwafungulia waliokuja kumkamata. Akabaki mmoja.

Niliazimia hivi: nitampeleka Mbale, maana ni mgeni na ni mjane. Ila nitamuuliza kabla hatujafika makaburini. Kama ni yeye aliyefungua, atamwombea Ismaili akiwa barabarani, na lango la makaburi hataliingia.

Mafubira, siku za kungoja

Rosario ni mwanamke mfupi, mkimya, mwenye nywele nyeusi zilizosukwa msokoto mmoja mnene. Alifika na sanduku moja na mfuko wa kitambaa ulioshonwa mdomo kwa uzi mwekundu. Sanduku alimwachia yeyote alibebe. Mfuko hakumwachia mtu. Tulizungumza Kiingereza, changu cha shule ya zamani na chake cha Amerika, nami hapa naandika maana yake.

"Kuna nini ndani?" nilimuuliza wakati wa chai.

"Vitu vya Ismaili, Baba. Vya siku yake."

Siku yake ilikuwa ipi? Akaniambia kwamba kwao, mwanzoni mwa Novemba, watu huwapokea marehemu wao. Hutengeneza meza, huweka maua na vyakula alivyopenda mtu, na marehemu hurudi nyumbani kwa muda mfupi.

"Hurudi?" nilisema.

"Hurudi."

Niliomba msamaha kwa Mungu kimoyomoyo na sikuuliza zaidi. Lakini tangu hapo nilianza kumwangalia. Jirani akibisha hodi, Rosario huinuka haraka na kwenda uani nyuma, akasimama pale hadi mgeni aondoke. Jioni alikuwa akisukuma komeo la mlango wangu, ambalo miaka yote halijui kazi, na limeota kutu. Asubuhi nalifungua, jioni analifunga. Nilijiambia kwamba mtu mwenye moyo safi haogopi hodi. Angekuwa kwenu mkamwona, mngesema vilevile.

Kutoka Jinja hadi Iganga

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri kwa gari dogo la kukodi. Dereva alikuwa Tenywa, Msoga wa Walukuba, mnayemjua kwa mdomo wake. Alimtazama Rosario kwenye kioo, akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Hajji, hii mzungu yako mbona imeungua jua?"

"Si mzungu. Ni mtu wa Meksiko."

"Kale, sawa. Meksiko iko upande gani wa Nairobi?"

Nikamwambia atazame barabara.

Kabla hatujamaliza mashamba ya miwa tulikuta lori limeanguka ubavu, miwa imemwagika njia nzima, na watu wanaichomoa huku dereva wa lori akiwatukana kwa lugha tatu. Hapakuwa na kupita. Tenywa alishuka, akarudi na mua mmoja, akauvunja kwa goti na kumpa Rosario kipande kwa kumjaribu, akingoja kucheka. Rosario akakamata kipande, akamenya ganda kwa meno ya pembeni, akatafuna, akatema makapi dirishani kama mtoto wa Bugembe.

Tenywa alistaajabu. "Hajji, huyu ametoka Meksiko gani?"

Ndipo kwa mara ya kwanza niliona meno ya Rosario. Alisema babu yake alikuwa akikata miwa. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilijiuliza, mambo mangapi mengine anayajua ambayo hakuyasema?

Iganga tulikula rolex, ile chapati iliyokunjwa na mayai, tukiwa tumesimama. Rosario alikula nusu, nusu akaifunga kwenye karatasi na kuiweka karibu na ule mfuko.

"Ya nani?" nikauliza.

"Ya Ismaili. Alikuwa akiipenda. Alikuwa akinitengenezea Jumapili."

Tenywa alitutazama mmoja mmoja, mimi, Rosario, kisha ule mfuko. Tangu pale hakutia mzaha tena kwa muda mrefu. Nilimwona akiuning'iniza upya uzi wa tasbihi ya Kikristo aliyonayo kwenye kioo, mahali ambapo angeiona.

Kwenye mto Mpologoma

Mnaijua barabara ya Tirinyi inapoteremka kwenye kinamasi, mpunga kushoto na kulia, na wauza samaki wanaokimbilia kila gari. Karibu na daraja palikuwa na kizuizi. Askari wawili, na mtu mmoja asiyevaa sare, shati jeupe, kitambulisho shingoni. Walikuwa wakitafuta wageni wasio na vibali.

Yule wa shati jeupe aliona kofia yangu, akainama kwenye dirisha na kusema kwa upole, "Asalaam aleikum, Hajji."

Hapo moyo wangu ulipoa. Niliteremsha kioo mpaka chini, nikamjibu kwa ukamilifu, amani na rehema na baraka, nikampa mkono. Rosario alinishika mkono wa kanzu kutoka nyuma. "Baba, usifungue," alisema kwa sauti ndogo. "Tafadhali usifungue."

Ndugu zangu, mngefikiri nini? Mimi nilifikiri: ana kitu.

Afisa naye alifikiri hivyohivyo, maana macho yake yalimrukia. "Huyu mama ni ya wapi?" Akachukua pasipoti yake, akaifunua, akaona iko sawa, hilo halikuchukua muda. Kisha akaonyesha mfuko. "Na hii? Iko nini ndani?"

"Vitu vya marehemu mwanangu," nilisema.

"Vitu gani?"

Sikujua. Nilikuwa nimebeba kitu nisichokijua kutoka Jinja mpaka pale, na nilikuwa baba wa nyumba. Afisa alikata uzi mwekundu kwa wembe, akavitoa vitu kimoja kimoja juu ya boneti. Karatasi za rangi zilizokatwa matundu. Mishumaa. Picha ya Ismaili akicheka, ana rangi nyeupe kwenye nyusi. Kisha kitu kilichofungwa kwa pamba. Akafunua pamba.

Lilikuwa fuvu. Jeupe, dogo, la ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, lenye mashimo ya macho na safu ya meno.

Tenywa aliruka nyuma. "Hajji! Hiyo kitu iko na meno!"

Wauza samaki wakasogea. Mwanamke mmoja akapiga yowe, na neno likaanza kupita mdomo kwa mdomo, kwamba ni kichwa cha mtoto. Mnajua nchi yetu na hofu hiyo, na mnajua si hofu ya bure. Mnajua pia watu hufanya nini kabla hawajauliza. Nilimwona mwanamume mmoja akiokota jiwe, akaliweka nyuma ya mgongo.

"Ni sukari!" Rosario alisema. "Ni sukari tu! Mwambie, Baba!"

Afisa akanigeukia. "Mzee. Huyu mama ni nani wako?"

Swali jepesi. Nilikuwa nimeazimia kumwacha barabarani, na hapa nilikuwa naulizwa barabarani. Nikalitazama lile jiwe nyuma ya mgongo wa yule mtu.

"Ni mkwe wangu," nilisema. "Mke wa mwanangu. Ni wa nyumba yangu."

"Kama ni sukari, ale."

Rosario alilishika fuvu kwa mikono miwili. Hakulipeleka mdomoni. Ndipo nilipoona maandishi kwenye paji la uso wa lile fuvu, kwa rangi ya buluu: ISMAIL. Hangeweza. Hata mimi kwa moyo wote niliokuwa nao wa kumshuku niliona kwamba hangeweza.

Nikalichukua. Nikasema Bismillahi, nikalipindua nisione jina, nikauma kisogo.

Lilikuwa tamu sana, lenye harufu ya ndimu. Jino langu la nyuma linauma hadi leo. Nilitafuna mbele ya watu wote kwa utulivu, unga ukinishuka kwenye ndevu, mpaka mwanamke mmoja muuza samaki akacheka, "Mzee amekula kichwa!" na kicheko kikapita kama moto kwenye nyasi kavu. Yule mtu aliachia jiwe lake.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe nilikuwa nimebaki mimi. Afisa alishika kitambulisho changu, akasoma jina, akaninyanyulia macho.

"Mzee, kabila gani?"

"Mnubi."

"Mnubi wa wapi?"

"Wa Jinja."

"Hapana, nauliza asili. Babu yako natoka wapi?"

"Babu yangu aliletwa na jeshi la Waingereza. Baba yangu alizaliwa Jinja. Mimi nimezaliwa Jinja."

"Kwa hiyo ni Sudani."

"Afande, Sudani sijawahi kuiona."

Akaniambia nikae pembeni, anamngoja mkubwa wake. Rosario wa Meksiko alikuwa huru kwenda zake. Tenywa alirudiwa na mdomo. "Hajji, mimi nilifikiri nabeba mgeni mmoja, kumbe nabeba wawili!"

Tulikaa chini ya mabati ya wauza mpunga muda mrefu. Nawaambieni nilichokuwa nikiwaza hapo, maana ndicho wengi wenu mlichoniuliza: nawaonaje watu wanaolinda mipaka? Sisemi nchi iwe wazi kama uwanja wa mpira. Mwenye nyumba ana haki ya kujua nani ameingia chumbani. Serikali ina haki hiyo, ya Amerika na ya kwetu. Ninachokishuku ni namna swali linavyoulizwa. Ukimuuliza mtu, umefanya nini, anaweza kujibu. Ukimuuliza, babu yako alitoka wapi, hata mkweli hana jibu la kumtosha muulizaji. Na ninashuku zaidi kazi inayomlipa mtu mshahara wa kushuku, kwa sababu nimekuwa nikiifanya bure tangu Mafubira na nimeona jinsi inavyokula moyo. Kila alichofanya yule mwanamke kilikuwa ushahidi kwangu. Alinyamaza, ushahidi. Alicheka, ushahidi. Alitafuna mua, ushahidi.

Lakini ule wa kunishika kanzu nilishindwa kuuacha. "Kwa nini uliniambia nisifungue?" nilimuuliza.

Rosario alitazama mpunga. "Kwa sababu ya alivyosema."

"Alisema nini? Alinisalimia tu."

"Ndiyo," alisema, na machozi yakamtoka.

Mvua ilikuja kwa ghafla kutoka upande wa mlima, na maafisa wakakimbilia kwenye hema lao. Yule wa shati jeupe alipita kwetu akikimbia, akanitupia kitambulisho mapajani. "Nenda, mzee. Mkubwa hatakuja na hii maji." Ndivyo nilivyoruhusiwa kuwa Mganda, alhamdulillahi, kwa hukumu ya mvua.

Mbale, nyumbani kwa Zainabu

Tulifika Mbale jioni, ukungu umeufunika mlima Wanale na maporomoko yake yamevimba. Dada yangu Zainabu alikuwa mlangoni. Alimkumbatia Rosario kabla hajanisalimia, akamwita binti yake, akatuwekea chakula: matoke, na malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga, ambayo Ismaili alikuwa akiyakataa utotoni na kuyaomba alipokuwa mgonjwa. Tenywa alikula sahani tatu na kutangaza kwamba fuvu analisamehe.

Baada ya swala ya magharibi Rosario aliomba meza ndogo. Ugomvi wetu ukaanza hapo, wa mimi na dada yangu, kwa Kinubi ili mgeni asielewe.

"Humu ndani mtu hamtengenezei maiti meza," nilisema.

"Ya kaka, anamuabudu nani? Muulize kwanza. Wewe kazi yako ni kuhukumu tu, hata nyama hujaionja unaanza kusema haina chumvi."

Nikamuuliza. Rosario alijibu polepole, akichagua maneno. Alisema hawawaabudu marehemu, na hawawaombi kitu. Alisema mtu akifa, hofu kubwa ni kwamba jina lake litaacha kutajwa mezani. Kwa hiyo kwa siku moja wanamwekea alichopenda, wanasimulia vituko vyake, wanacheka. Fuvu la sukari lina jina la marehemu ili watu wasiogope kifo, na mwisho walio hai hulila. "Kwa hiyo Baba hukuharibu kitu," alisema. "Ulitangulia tu."

Zainabu alicheka hadi akafuta macho.

"Na jambo jingine," Rosario aliendelea, "siku hizo milango haifungwi. Majirani huingia na kutoka, wanaleta maua, wanaleta mkate. Anayebisha ni mgeni wa marehemu."

Milango. Niliweka kikombe chini. Nilikuwa nimengoja neno hilo tangu Jinja.

"Ismaili alichukuliwa lini?" nilimuuliza.

"Siku hizohizo. Tulikuwa tunatengeneza meza ya bibi yangu."

"Mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Aliniambia mwenyewe. Nani aliyewafungulia?"

Rosario aliinamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa ikizungusha lile fuvu lililoumwa, likizunguka, likizunguka. Nami ndani yangu, Mungu anisamehe, nilihisi kitu kinachofanana na ushindi.

"Mwambie," Zainabu alisema kwa Kiingereza.

"Niliahidi."

"Hata mimi niliahidi. Aliniapisha akiwa kwenye kitanda kile pale. Lakini aliyeapiwa amekufa, na aliye hai anakuhukumu kila anapokutazama, huoni?" Kisha dada yangu akanigeukia. "Alifungua Ismaili."

"Haiwezekani."

Basi Rosario akasimulia. Jioni ile watu walikuwa wakiingia na kutoka na maua. Yeye alikuwa jikoni, mikono imejaa unga. Mlango ukabishwa. Aliita, "Ngoja, usifungue, nichungulie kwanza!" Ismaili alikuwa karibu na mlango. Kutoka nje sauti ya mwanamume ikasema, taratibu na vizuri, "Assalamu alaikum, Ismaili."

"Nilimwambia tena asifungue," Rosario alisema. "Akanijibu, 'Mtu ametoa salamu, Rosario. Baba hakunilea kuacha salamu nje.' Akaitikia. Akafungua. Walikuwa wanne."

Nilisikia maji yakidondoka kutoka paani kwenye sinia la bati.

Mnanijua. Mnajua nimefundisha madrasa maisha yangu yote, na mnajua somo langu la kwanza kwa kila mtoto: salamu ni sunna, kuitikia ni wajibu, na mlango wa Muislamu haumwulizi mtu jina kwanza. Ismaili alikuwa akilisema somo hilo kwa sauti kuliko wote.

"Kwa nini hakuniambia?" niliuliza baadaye.

Zainabu ndiye aliyejibu. "Alisema, 'Baba akijua, ataacha kuitikia.'"

Makaburini

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Nilimwomba Zainabu ampe Rosario mtandio, nikatangulia nao mpaka kwenye lango la makaburi. Mlinzi aliuliza kama mgeni naye anaingia.

"Anaingia," nilisema. "Huyu ni mwanangu."

Mezani nyumbani tulikuwa tumeacha picha, chai ya tangawizi, sahani ya malewa, na ile nusu ya rolex ya Iganga iliyokauka kama ubao. Makaburini hatukubeba chakula, hilo nilimweleza naye akakubali bila kununa. Lakini tulikuwa tumekata maua ya rangi ya machungwa yanayoota kwenye ua wa jirani wa Zainabu. Rosario alipoyaona alisimama kama aliyekutana na ndugu yake. Ndiyo yaleyale ya kwao. Tawi bichi juu ya kaburi lina asili katika dini yetu, basi nilichukua la kwanza nikalichomeka mimi mwenyewe upande wa kichwa, naye akapanga mengine hadi miguuni.

Nilisimama. Mnajua kinachosemwa unapofika kwa watu wa makaburi: unaanza na salamu. Nimeisema mara nyingi nisizoweza kuzikumbuka, juu ya wazazi wangu, juu ya mke wangu, juu ya wengi wa waliokuwa wakisali nanyi. Safari hii sikuweza kuianza. Neno hilohilo. Yule mtu alilibeba mdomoni kama mwizi anayebeba ufunguo, na kwenye daraja la Mpologoma mwenzake wa kazi aliniteremshia nalo kioo changu.

Rosario akaniuliza, "Wanaitikia, Baba?"

"Wanasikia," nilimwambia. "Na wanaitikia, ila sisi hatusikii."

"Basi mwambie. Yeye hataiacha nje."

Nikasema, "Assalamu alaikum, Ismaili." Nikanyamaza kidogo, kiasi cha mtu kutoka chumbani mpaka mlangoni.

Tuliporudi, Zainabu alilivunja lililobaki la fuvu kwa mchi, akaligawa kwenye vikombe vya chai. Tenywa alisita, akauliza kama kipande chake ni cha taya au cha jicho, kisha akanywa na kuomba nyongeza. Rosario aliondoka wiki iliyofuata. Asubuhi ya mwisho Mafubira jirani alibisha hodi, naye akaganda palepale uani. Nikamtazama, naye akanitazama. Kisha akaenda yeye, taratibu, akalivuta lile komeo la kutu, akafungua mlango.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuzidishie uliyo nayo na akuongezee usiyoyajua kuyaomba. Akuweke mahali ambapo huulizwi babu yako alitoka wapi ndipo upewe maji. Akusitiri na mlango wako, awafungulie watoto wako milango ya heri popote walipo, na kila atakayekutolea salamu awe ameikusudia. Amin.